Simu ikianza kusoma kila unachogusa, usiipeleke kuflashiwa

Ndugu wa Kigoma, simu ikianza ghafla kutaja kwa sauti kila unachogusa na kioo kikagoma kuteleza, hiyo si virusi. Imewaka TalkBack, programu ya Android ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye kioo. Inaweza kujiwasha mfukoni, kama njia yake ya mkato iko wazi.

Bana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, kama sekunde 3. Ikikataa, nenda Mipangilio, Ufikivu, kisha TalkBack uizime. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ukigusa mara moja, kitu kinazungushiwa fremu na kusomwa tu. Ili kifunguke, gusa mara mbili harakaharaka. Kupandisha na kushusha ukurasa ni vidole viwili. Namba ya siri nayo utaiingiza hivyohivyo, tarakimu mojamoja. Kama umo kwenye daladala ya Ujiji subiri ushuke, maana zinaweza kutajwa kwa sauti.

Wa iPhone, yenu inaitwa VoiceOver na kuteleza ni vidole vitatu.

Kuflashi, yaani kuweka upya mfumo wa simu, kunaweza kuzifuta picha zako zote, na fundi wa Mwanga atataka hela yake vilevile.