Somo: Namna jopo la wanahabari linavyopanga viwango vya wapiganaji wa UFC

Ndugu wanachama, kila baada ya pambano kubwa ninaulizwa swali lilelile: fulani ameshinda, mbona hajapanda? Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo nimeona heri niliandike mara moja kwa urefu, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Utaratibu ninaoueleza ni wa UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, nao ulianza Februari 2013. Jopo letu dogo la watu watano hufuata masharti yaleyale, isipokuwa hesabu ya hatua ya tano, ambayo ni ya kwetu wenyewe.

Hatua ya kwanza. Fahamu kwamba wapiga kura ni wanahabari wanaofuatilia mchezo huu. Majaji wa ulingoni hawahusiki.

Hatua ya pili. Chagua uzito mmoja, mathalani uzito mwepesi wenye kikomo cha kilo 70.3, uumalize kabla ya kugusa mwingine.

Hatua ya tatu. Ondoa wasiostahili kupigiwa kura. Anayestahili ni mpiganaji aliyemo katika orodha ya UFC ya wanaoendelea kupigana pekee, na ndiyo maana Francis Ngannou, aliyeachana na kampuni hiyo Januari 2023 akiwa bingwa wa uzito wa juu, alitoka kwenye viwango ingawa hakuna mpinzani aliyemvua mkanda. Bingwa na bingwa wa muda, yaani anayepewa mkanda wakati bingwa mwenyewe hawezi kupigana, nao hawapigiwi kura katika uzito wao, kwa kuwa nafasi zao za juu zimekwisha kujulikana. Namba moja unayemwona ni mtu wa kwanza chini yao.

Hatua ya nne. Andika majina 15 kwa mpangilio, ukijiuliza kila mmoja amemshinda nani na lini. Usiandike kabla pambano halijaisha. Tarehe 20 Agosti 2022, pale Salt Lake City, Marekani, bingwa Kamaru Usman alikuwa akiongoza kwa pointi za majaji, na kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, chai iko mezani na kalamu i mkononi mwangu. Zikiwa zimesalia sekunde 56 za raundi ya tano, Leon Edwards alimwangusha kwa teke la kichwa, nami nikalazimika kuchana karatasi niliyokwisha kuijaza.

Hatua ya tano, kujumlisha kura. Hapa ndipo nilipoharibu, tafadhali someni polepole. Mwanzoni nilikuwa nikichukua wastani wa nafasi alizopewa mpiganaji. Mpiganaji wa kwanza aliwekwa nafasi ya 8 na wapiga kura wawili, na watatu waliobaki hawakumwandika kabisa. Wastani wake ukawa 8. Wa pili aliandikwa na wote watano, katika nafasi za 9, 9, 10, 8 na 10. Wastani wake ukawa 9.2. Orodha yangu ikamweka juu mtu ambaye wengi wa jopo hawakumwona anafaa hata kuwa wa 15, na ilitoka hivyo wiki tatu mfululizo kabla mwenzetu mmoja hajanionyesha kosa. Dawa yake ni pointi: nafasi ya kwanza pointi 15, ya pili 14, hadi ya 15 yenye pointi 1, na asiyeandikwa apate sifuri. Kwa hesabu hiyo wa kwanza ana pointi 16 na wa pili ana 34. Tahadhari nyingine: mpiga kura akimwandika bingwa kwa bahati mbaya, usifute jina ukaacha pengo, bali wapandishe wote walio chini yake ndipo uhesabu, na akiandika majina 14, mrudishie karatasi, usimjazie wewe.

Hatua ya sita. Orodha ya walio bora bila kujali uzito hupigiwa kura peke yake, na humo mabingwa huruhusiwa. Swali lake ni tofauti, kwa hiyo jibu laweza kuwa tofauti. Februari 2023, mjini Perth, Australia, Alexander Volkanovski alipanda kutoka uzito wa unyoya akashindwa kwa pointi na Islam Makhachev, na bado jopo lilimwacha namba moja kwa sababu alimbana bingwa mwenye mwili mkubwa kuliko wake. Mimi ningemweka Makhachev juu, maana ushindi ni ushindi, lakini hoja yao ninaielewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyundo ya Pwani: Sijasoma yote mkuu, ila mbona bingwa hana namba?

Jibu: Hatua ya tatu.

Kijana wa Kona: Hao wanahabari wamenunuliwa, kila mtu anajua.

Jibu: Ukiwa na ushahidi, uweke hapa tuusome. La kuhoji ni kwamba kampuni inayoendesha viwango ndiyo inayopanga mapambano, na viwango havimfungi mpangaji. Aprili 2013, miezi miwili tu baada ya viwango kuanza, Chael Sonnen aligombea mkanda wa bingwa Jon Jones ilhali pambano lake la mwisho lilikuwa kipigo katika uzito wa chini yake. Hilo halikuamuliwa na jopo.

Mama Zawadi: Shikamoo mwalimu. Je, mtu mmoja anaweza kuwemo katika uzito mbili kwa wakati mmoja?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Anaweza, kanuni inaruhusu. Ushauri wangu ni kwamba usimpe nafasi katika uzito mpya kwa sifa za ule wa zamani pekee. Ngoja apigane humo kwanza. Na kwa kuwa unafuatilia kwa makini, tazama pia kwamba wanawake wa kilo 65.8 hawakuwahi kupangiwa viwango, kwa sababu wapiganaji wao walikuwa wachache mno.

Mzee wa Gazeti: Na walio nje ya UFC tuwatafute wapi?

Jibu: Mzee wangu, vyombo vya habari vya michezo ESPN na Sherdog hupanga viwango vyao wakichanganya wapiganaji wa kampuni zote. Ukiviweka kando ya vile vya UFC utaona mapengo yaliko.

Mama Zawadi: Nimeanza daftari la kumbukumbu. Pambano la Perth niliandike tarehe gani? Huku nimeona 11 na kule 12.

Jibu: Andika tarehe ya mahali pambano lilipopiganwa, yaani 12 Februari. Marekani ilikuwa bado Jumamosi usiku, tarehe 11. Rudi pia kwenye mapambano ya Las Vegas uliyoyaandika kwa tarehe ya Jumapili ya kwetu, uyarudishe nyuma siku moja.