Hesabu mahindi kabla ya kuhesabu mifuko ya mbolea

Msimu ukikaribia, swali la kwanza ambalo mkulima humuuliza bwana shamba ni hili: niweke mifuko mingapi kwa ekari? Ni swali la haki, ila limewahi mno. Mbolea ni ya kulisha mimea. Kama mimea iliyosimama ni nusu ya inayotakiwa, mfuko wa UREA, mbolea ya kukuzia, utanenepesha magugu, na kitakachobaki kitasombwa na mvua. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbozi na Mbeya hadi Njombe na Songea, tuna msimu mmoja tu wa mvua. Ekari iliyoota vibaya Desemba ndiyo hiyo hiyo utakayoivuna.

Tuanze na hesabu. Ekari ina mita za mraba 4,047. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, unapata mimea kama 18,000. Ukipanua mashimo yawe sentimita 60 na kuacha miche miwili kila shimo, idadi ni ile ile kwa mashimo 9,000. Kwa anayechimba kwa jembe la mkono nampendekezea hii ya pili, maana mashimo ni nusu na kazi ya kuweka mbolea ni nusu.

Kupanda kwa kukadiria hatua ndiko kunakotuponza. Hatua ya asubuhi siyo ya saa saba mchana mgongo ukishachoka, na watoto wakishika mbegu hatua zinabadilika tena. Nunua kamba ya katani, ifunge vitambaa kila sentimita 60, na kata vijiti viwili vya sentimita 75 vya kusogezea mstari. Gharama yake ni ndogo.

Mahindi yakishaota, pima. Kwa mistari ya sentimita 75, urefu wa mita 5.4 za mstari ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Kata kamba ya mita 5.4, ilaze kandokando ya mstari, hesabu mimea, kisha zidisha kwa 1,000. Fanya hivyo sehemu tano au sita, na usichague penye kupendeza tu. Ukipata wastani wa 17 au 18, shamba limekaa sawa. Ukipata 11, una mimea 11,000. Tuseme kila mmea utoe gramu 150 za punje: mimea 18,000 ni kilo 2,700, yaani magunia 27 ya kilo 100, mimea 11,000 ni kilo 1,650. Pengo ni magunia 10 na zaidi. Ni kweli mmea wenye nafasi hubeba hindi kubwa kidogo, lakini hauwezi kubeba na la jirani asiyekuwepo.

Mapengo husababishwa na nini? Mara nyingi ni mbegu, kina cha shimo, au mbolea kugusa mbegu. Mbegu chotara, yaani zilizozalishwa kwa kuchanganya aina tofauti, nunua dukani kila msimu, kwenye mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara, nguvu yake inashuka na shamba linatoka mchanganyiko. Chagua pia kwa mwinuko: mbegu za UH6303 na UH615 za kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ni za huku juu, mbegu ya Staha ni ya ukanda wa chini, hivyo usiifuate kwa sababu shemeji yako wa Morogoro anaisifia. Wiki mbili kabla ya kupanda, fukia punje 50 kwenye udongo wenye unyevu nyumbani. Zikiota 45, vizuri. Zisipofika 40, usizipeleke shambani.

Panda mvua ikishashika, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha kiganja. Chimba shimo, weka mbolea ya kupandia, ifunike kwa udongo kiasi cha vidole viwili, ndipo udondoshe mbegu tatu na kuzifukia sentimita 5. Safu hiyo ya udongo katikati msiidharau. Mbolea ya kupandia kama DAP ikigusa mbegu inaiunguza, na mkulima huishia kulaumu panya au muuza mbegu. Kifuniko cha soda kilichojaa bila kilima hubeba gramu 5 hivi za DAP. Kwa mashimo 9,000 ni kilo 45, karibu mfuko mmoja kwa ekari. Mwenye mashimo ya sentimita 30 aweke nusu kifuniko. Kwenye udongo wenye tindikali, ambao huku ni mwingi, Minjingu, mbolea ya mawe ya fosfati, nayo ni chaguo zuri la kirutubisho cha fosforasi, kwa kuwa huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa namna hiyo na huongeza chokaa. Mwenye samadi iliyooza aweke konzi mbili kila shimo. Haifuti haja ya mbolea ya dukani, bali huishika isipotee haraka.

Kurudishia mapengo kufanyike ndani ya wiki moja baada ya kuota. Ukichelewa, mche mpya utafunikwa na wenzake na hautabeba kitu. Hapo ni bora upachike maharage, angalau utapata mboga. Kupunguzia miche ibaki miwili kufanyike udongo ukiwa na maji, ili kung'oa mmoja kusitikise mizizi ya wengine.

Sasa mbolea ya kukuzia. Palilia kwanza, kisha weka mahindi yakiwa na majani sita hadi manane, kama wiki tatu au nne tangu kuota. Wengi husubiri yafike kiunoni au yaanze kutoa mbelewele, na wakati huo mmea umeshaamua hindi litakuwa na mistari mingapi ya punje. Weka sentimita 10 kutoka kwenye shina, na UREA ifukiwe papo hapo, kwa sababu ikiachwa juu ya udongo sehemu ya naitrojeni, kirutubisho inachobeba, hupaa hewani.

Dukani usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa UREA una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, una kama 13, na wa SA, nayo ya kukuzia, una 10 na nusu. Gawanya bei kwa kilo hizo ndipo utajua ipi ghali. SA ina salfa pia, ila inaongeza tindikali, kwa hiyo isiwe ya kila mwaka kwenye shamba lile lile. Mbolea ya ruzuku, chini ya mpango ulioanza msimu wa 2022/2023, inahitaji uwe umesajiliwa. Hakikisha taarifa zako kwenye ofisi ya kijiji mapema, siyo siku lori linapofika.

Mwenye mimea 16,000 na kuendelea mfuko mmoja wa UREA unalipa, na wa pili unafaa ugawanywe, uwekwe kabla ya mbelewele kutoka. Mwenye mimea 11,000 asinunue wa pili; fedha hiyo aiweke kwenye palizi na kwenye dawa ya viwavijeshi vamizi, ambao wakaguliwe ndani ya majani machanga ya katikati ya mmea kuanzia wiki ya pili. Na mvua ikikata katikati, usimwage UREA kwenye vumbi ukitegemea wingu. Funga mfuko, uuweke juu ya mbao ndani ya nyumba, usubiri udongo ulowe tena.