Jinsi ya kusoma Katiba ya Marekani ukaiona Ulaya ndani yake

Wengi wakitaka kujua Wamarekani walitoa wapi mfumo wao wanaanza na wanafalsafa, wanasoma kurasa kumi za John Locke, yule Mwingereza wa karne ya 17, wanachoka, wanaacha. Mi nakushauri anza na yale marekebisho kumi ya kwanza ya katiba, ya 1791, maana ni mafupi na ndo sehemu ambayo Ulaya inaonekana waziwazi.

Fungua tabo mbili. Moja weka Katiba yenyewe, tovuti ya National Archives ya Marekani wanayo yote bure, nyingine weka Bill of Rights (sheria ya haki) ya Uingereza ya 1689, ile iliyokuja baada ya mfalme James wa Pili kukimbia nchi. Sasa nenda Marekebisho ya 8: dhamana isizidi kiasi, faini isizidi kiasi, adhabu za kikatili na zisizo za kawaida zisitolewe. Rudi 1689 utaikuta sentensi hiyohiyo, karibu neno kwa neno! Katikati hapo ilipitia Virginia, kwenye tamko la haki la 1776 ambalo George Mason ndo aliandika rasimu yake. Kwa hiyo usidhani kina James Madison, aliyeandika rasimu ya marekebisho hayo, walikaa chini wakabuni kila kitu, hawa watu walikuwa wanadai haki walizoamini ni zao tangu zamani kama Waingereza, na ukishalielewa hilo mapinduzi yao yanaanza kueleweka.

Fanya hivyohivyo na Marekebisho ya 5, ila safari hii linganisha na Magna Carta, ile hati ya haki aliyokubali mfalme wa Uingereza 1215, kifungu cha 39, kwamba mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Angalia hapo "mtu huru" alikuwa nani, maana wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana hawakuwemo. Ya 3, kuhusu askari kulazwa kwenye nyumba za watu, Bunge la Uingereza lilishayalalamikia London 1628.

Ndo sasa uingie Katiba yenyewe. Ibara ya 1 Bunge, ya 2 Rais, ya 3 Mahakama, hiyo mihimili mitatu Mfaransa Montesquieu aliieleza 1748, na mfano aliousifia ulikuwa Uingereza. Lakini Wamarekani walikaza zaidi, soma Ibara ya 1 kifungu cha 6, mbunge haruhusiwi kushika cheo serikalini huku bado ni mbunge, wakati Uingereza mawaziri wanakaa bungeni, na sisi Tanzania tuliorithi kwao waziri lazima awe mbunge.

Locke msome sasa, ukiwa na Azimio la Uhuru la 1776 pembeni. Yeye anataja uhai, uhuru na mali, Thomas Jefferson, mwandishi wa rasimu ya Azimio, akaandika uhai, uhuru na kutafuta furaha.

Usiache kutafuta walichokikataa pia, mi naona hapa ndo patamu. Kifungu cha 9 cha Ibara ya 1 kinapiga marufuku serikali kutoa vyeo vya kilodi, yaani vya kikabaila, Ibara ya 6 inakataa mtu kupimwa dini ili apewe cheo, wakati Uingereza ya enzi hizo ilikuwa na sheria ya namna hiyo kabisa. Halafu malizia na Marekebisho ya 14 ya 1868, baada ya utumwa kufutwa, uone ile kanuni ya 1215 ikiwekwa tena, safari hii kuzibana serikali za majimbo, na haisemi mtu huru, inasema mtu yeyote.