Jinsi ya Kuonyesha na Kuuza Kazi Zako za Sanaa Katika Tamasha la Jamii

Watu wengi wanaopita mbele ya meza ya msanii katika tamasha la jamii hawakutoka nyumbani kwao kwa nia ya kununua sanaa. Wamekuja kusikiliza muziki, kula, kukutana na jamaa na kuwatembeza watoto, na fedha walizobeba wamekwisha kuzigawa kwa mambo hayo. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya tamasha na ukumbi wa maonyesho, ambako anayeingia amekusudia kutazama. Kwa hiyo maandalizi yote yanayoelezwa hapa yana shabaha moja, nayo ni kumwondolea mpita njia vikwazo, kuanzia pale jicho lake linapovutwa na kazi hadi anapoondoka nayo mkononi.

Kabla ya kulipia nafasi

Mwandalizi aulizwe maswali mapema, na majibu yake yapatikane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Ada ya nafasi ni kiasi gani, na je, juu ya ada hiyo anakata kamisheni kwa kila kinachouzwa? Nafasi yenyewe ina ukubwa gani? Kipimo cha mita 3 kwa 3 ni cha kawaida kwa mahema ya maonyesho, lakini yako matamasha yanayotoa meza moja ya kugawana wasanii wawili. Je, umeme upo? Gari linaruhusiwa kufika karibu na banda kushusha mizigo? Mvua ikinyesha, shughuli inaahirishwa, inahamia ndani, au inaendelea hivyo hivyo na ada hairudishwi?

Swali ambalo wasanii wengi hulisahau ni la majirani. Banda lililo kando ya spika kubwa halina mazungumzo, na lile lililo upande unakoelekea moshi wa majiko hurudisha nyumbani karatasi na vitambaa vyenye harufu isiyotoka kwa urahisi. Ni wajibu wa msanii pia kujua kama mahali hapo panadai kibali cha biashara au kodi ya mauzo, kwa kuwa si kila mwandalizi hulishughulikia jambo hilo kwa niaba ya washiriki.

Kazi za kubeba

Kishawishi cha kwanza ni kupakia kila kitu kilichopo nyumbani. Ukuta uliojaa picha kona hadi kona humchosha mtazamaji kabla hajachagua, na kazi bora humezwa na zile za kujazia nafasi. Ni afadhali kuchukua kazi chache zinazoonekana kuwa zimetoka mkono mmoja, hata kama msanii ana uwezo wa kufanya mitindo mitano tofauti. Miongoni mwa hizo iwepo moja au mbili kubwa, ambazo huenda zisinunuliwe siku hiyo lakini ndizo zitakazomsimamisha mtu aliye mbali. Zifuate kazi za wastani, kisha vitu vidogo kama kadi, chapa (picha zilizochapwa kwenye karatasi) na michoro ya penseli, ambavyo mtu hununua papo hapo bila kwenda kwanza kushauriana na mwenzake nyumbani.

Kila kazi inayobebwa iwe imekamilika kikweli. Picha ya rangi ya mafuta inaweza kukauka juu katika siku chache huku tabaka za chini zikiwa bado mbichi, na ndiyo maana desturi ya wachoraji ni kusubiri kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kuipaka vanishi ya mwisho; iliyomalizwa wiki ya tamasha haifai kufungwa na kupewa mnunuzi. Sanamu iliyochongwa kwa mti ambao haujakauka itapasuka ikiwa tayari kwenye sebule ya mtu. Mfinyanzi naye asiseme kwamba bakuli lake ni la kulia chakula ikiwa hana hakika kwamba mng'ao uliopakwa hauna madini ya risasi.

Kupanga bei

Bei iandikwe, na isomeke na mtu aliyesimama hatua moja mbali. Wako wasanii wanaoamini kwamba kuificha bei humlazimisha mtu kuuliza, na hivyo mazungumzo yakaanza. Ninavyoona mimi, mambo huenda kinyume chake: anayeogopa kuaibika kwa kutajiwa kiasi asichokimudu huondoka bila kuuliza, na mara nyingi alikuwa anaimudu.

Ili kuipata bei hiyo, jumlisha kwanza gharama za vifaa, fremu ikiwemo, kisha thamani ya saa zilizotumika kwa kiwango ambacho ungekubali kulipwa kwa kazi nyingine ya ustadi, na mwisho sehemu ya gharama za tamasha lenyewe, yaani ada, usafiri na chakula cha siku hiyo. Hesabu hii inaonyesha kiwango cha chini kabisa ambacho ukishuka chini yake unapata hasara. Bei ya juu zaidi inategemea ubora wa kazi, jina la msanii na wanunuzi waliopo.

Kwa picha, wachoraji wengi hupanga bei kwa ukubwa ili mnunuzi asishangae kuona picha mbili zinazolingana zikitofautiana bei bila sababu. Hapo pana mtego. Ukitoza kwa eneo, picha ya sentimita 30 kwa 40 ina sentimita za mraba 1,200, na ya sentimita 60 kwa 80 ina 4,800, hivyo ya pili itauzwa mara nne ya ya kwanza, jambo ambalo huifanya picha kubwa iwe ghali kupita kiasi na ndogo iwe rahisi mno. Ukijumlisha urefu na upana badala ya kuzidisha, unapata 70 kwa ile ndogo na 140 kwa ile kubwa, na bei inaongezeka mara mbili tu. Njia hii ya pili hutoa mteremko wa bei unaokubalika zaidi, mradi kiwango cha fedha unachozidisha na jumla hiyo hakikuangushi chini ya gharama zako.

Kamisheni nayo ina hesabu yake, na wengi huikosea. Ikiwa mwandalizi anakata asilimia 20 nawe unataka kubaki na 100, usiongeze 20 juu ya 100, kwa maana asilimia 20 ya 120 ni 24, nawe utabaki na 96. Gawanya 100 kwa 0.8, jibu ni 125, na ukikatwa asilimia 20 ya hiyo unabaki na 100 kamili. Bei hiyo hiyo itumike pia nyumbani kwako na kwingineko unakouzia, kwani mnunuzi akigundua kwamba aliyekufuata nyumbani alilipa pungufu, hatarudi.

Kuhusu kupunguza bei, amua kabla ya siku yenyewe kwamba kila kazi itashuka hadi wapi, na uandike kiwango hicho katika daftari lako. Msanii anayeamua akiwa amechoka, jioni, mbele ya mteja anayejua kubembeleza, huuza kwa majuto. Mara nyingi ni heri kuacha bei ya picha ilivyo na kumwongezea mtu kadi au chapa ndogo.

Kupanga banda

Kama banda liko nje, jambo la kwanza ni upepo. Hema jepesi la mita 3 kwa 3 hunyanyuka bila kutoa taarifa na kuangukia kazi za jirani, kwa hiyo kila mguu ufungiwe uzito wa takriban kilo 20. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito huo huo wa kilo 20, na wakati wa kurudi maji humwagwa likabebwa tupu. Rangi ya hema nayo ina maana kwa mchoraji: chini ya hema la bluu au jekundu picha zote hugeuka rangi, na mnunuzi akifika nyumbani ataiona picha nyingine. Chagua jeupe. Angalia pia jua la alasiri litaingilia upande gani, maana rangi za maji hupauka kwa jua kali, akriliki (rangi ya aina ya plastiki) hulainika kwa joto, na picha yenye kioo hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia.

Picha zitundikwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kumbi nyingi za maonyesho huweka kitovu cha picha kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni. Tuseme umechagua 150, na picha ina kimo cha sentimita 60. Vuta waya wa nyuma kuelekea juu kwa kidole, kama utakavyovutwa na msumari, kisha pima umbali kutoka waya hadi ukingo wa juu wa fremu. Tuseme ni sentimita 8. Nusu ya kimo ni 30, kwa hiyo msumari utakaa kwenye sentimita 150 jumlisha 30 toa 8, yaani 172. Ukifanya hivi kwa kila picha, vitovu vyote vitakuwa kwenye mstari mmoja hata kama picha zina ukubwa tofauti, na banda litaonekana limetulia. Waya wenyewe ufungwe kwenye pete mbili zilizokazwa takriban theluthi moja kutoka juu, kwani zikikaa chini mno picha huinamia mbele.

Meza isiwe ukuta. Meza ndefu inayoziba mbele ya banda humweka mtu nje, lakini ikisogezwa pembeni humruhusu aingie, na aliyeingia hukaa muda mrefu zaidi. Vitu vya mezani vipandishwe kwa masanduku yaliyofunikwa kitambaa cha rangi moja isiyo na maua, ili macho yasiende kwenye kitambaa. Chapa na picha zisizo na fremu zisimamishwe kwenye sanduku ambalo watu wanaweza kuzipekua, kila moja ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu wenye kadibodi nyuma.

Karibu na kila kazi kuwe na lebo yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika, vipimo na bei. Tofauti kati ya chapa ya mkono, yaani iliyochapwa na msanii mwenyewe kutoka kwenye ubao au bamba alilotayarisha, na nakala iliyotolewa na printa isemwe wazi kwenye lebo hiyo. Chapa ya mkono yenye toleo lenye kikomo huandikwa kwa penseli chini ya picha: namba upande wa kushoto, kwa mfano 7/30, maana yake ya saba kati ya thelathini, jina la kazi katikati, na saini upande wa kulia. Ukishaandika 30, huruhusiwi kutoa ya 31, hata kama zote zimeisha siku moja.

Kuzungumza na wanaopita

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hawakuwa wakizungumzia banda lililobanwa kati ya ngoma na vyakula. Simama, au keti kwenye stuli ndefu ili macho yako yalingane na ya wageni, na simu ikae mfukoni. Msalimie mtu, kisha mwache atazame. Akikaa mbele ya kazi moja kwa muda, mpe jambo moja la kweli kuihusu ambalo haliko kwenye lebo: udongo ulitoka wapi, kwa nini upande mmoja umeachwa bila rangi, chombo gani kilitumika kukwangua mistari ile. Baada ya hapo nyamaza. Msanii anayeeleza maana yote ya picha humwacha mtazamaji bila kazi ya kufanya. Ukiweza, fanya kazi kidogo papo hapo, kwa mfano kuchonga au kuchora. Watu husogea penye mikono inayofanya kazi, na maswali huja yenyewe.

Malipo, hati na ufungaji

Pokea fedha taslimu na malipo ya simu au kadi, na uhakikishe kabla ya siku hiyo kwamba mtandao unashika mahali pale. Beba chenji ya kutosha, kwa kuwa mauzo ya asubuhi huweza kukwamia hapo. Toa risiti yenye maelezo ya kazi, hata ya kuandika kwa mkono, na kwa kazi za bei kubwa ongeza hati ya uhalisi yenye picha ndogo ya kazi na saini yako.

Mnunuzi aelezwe kwa upole kwamba amenunua kitu chenyewe, wala si hakimiliki yake. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za sanaa na fasihi, ambao sasa unafuatwa na nchi nyingi duniani, hakimiliki ya mchoro au sanamu haihitaji kusajiliwa, nayo hudumu maisha yote ya msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Anayetaka kuichapisha picha hiyo kwenye fulana zake za biashara anahitaji ruhusa yako. Kanuni hii hii inakubana wewe ukichora kutokana na picha iliyopigwa na mtu mwingine.

Vifungashio viandaliwe nyumbani. Plastiki yenye vipovu isigusane moja kwa moja na uso wa picha ya akriliki, kwa sababu kwenye joto rangi hulainika na vipovu huacha alama za duara zisizofutika. Tanguliza karatasi ya kuokea iliyopakwa silikoni, kisha kadibodi, ndipo plastiki ifuate, na pembe za fremu zikingwe zaidi.

Anayeagiza kazi maalumu alipe sehemu ya bei mwanzoni, nusu ikiwezekana, na makubaliano ya ukubwa, tarehe na idadi ya marekebisho yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Anayeomba awekewe kazi apewe siku ya mwisho ya kuilipia, na malipo yasipofika siku hiyo, apigiwe simu mara moja kabla kazi haijarudishwa sokoni. Wakati kumbukumbu bado ni mbichi, andika ni kazi zipi zilizoshikwa na kurudishwa mara nyingi bila kununuliwa, kwa kuwa hizo ndizo zinazohitaji bei nyingine, fremu nyingine, au toleo dogo la chapa kabla ya tamasha linalofuata.