Urea Hufukiwa Leo, Si Kesho

Kila msimu wa mbolea ya kukuzia naliona jambo lile lile. Mkulima anamwaga urea juu ya ardhi kando ya mahindi, mstari baada ya mstari, kisha anakwenda zake kusubiri mvua. Asubuhi anapita kukagua. Chembe nyeupe hazipo tena. Zilipokuwa pamebaki vidoa vya unyevu, vyeusi kidogo kuliko udongo wa pembeni. Anafurahi kwamba mbolea imeingia. Haikuingia! Imeyeyushwa na umande, bado iko juu pale pale, na imeshaanza kuvunjwavunjwa.

Kinachoivunja ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho ureasi. Urea ikiachwa peke yake ndani ya maji safi hukaa miaka kabla ya kuvunjika. Ureasi huimaliza kwa siku chache, na udongo ukiwa na joto na unyevu, sehemu kubwa huvunjika ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Kimeng'enya hakiongezi nguvu yoyote kwenye mbolea. Kinashusha tu kizingiti cha nishati ambacho urea ingepaswa kukivuka ili ivunjike. Ndani yake mna kitundu chenye atomi mbili za nikeli. Molekuli ya urea hunasa humo, hukutana na maji, hutoka ikiwa amonia na kabonidayoksaidi, na kitundu kinabaki wazi kupokea nyingine. Kimeng'enya chenyewe hakiliki, kwa hiyo usitegemee kwamba kitachoka. Ureasi ndiyo kimeng'enya cha kwanza kuwahi kutengwa kikiwa fuwele safi: James Sumner aliipata mwaka 1926 kutoka kwenye mbegu za jamii ya kunde, wakati wengi wakibisha kwamba vimeng'enya ni protini. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Wapo wanaoniambia udongo wao umechoka, hauna vijidudu, hivyo hawana la kuogopa. Hilo si kweli. Ureasi hutoka kwa bakteria, kuvu na mimea, na hata chembe hai zikifa, ureasi hujishika kwenye mfinyanzi na mboji, ikaendelea kufanya kazi. Jua kali nalo haliiui. Joto la udongo linavyopanda ndivyo inavyokimbia. Na kwenye mabaki ya mazao ipo kwa wingi zaidi, kwa hiyo kumwaga urea juu ya matandazo ni kuikabidhi mikononi mwake.

Kuvunjika si kosa, maana mmea unaihitaji hiyo amonia. Tatizo ni mahali. Ikivunjikia chini, amonia hupata chaji chanya na kushikwa na udongo. Ikivunjikia juu, inapaa. Tena uvunjaji wenyewe huongeza ualkali kuzunguka chembe, na ualkali ndio unaoisukuma amonia igeuke gesi. Hali ikiwa mbaya, theluthi au zaidi ya naitrojeni, yaani kirutubisho kilicho ndani ya urea, hupotea hivyo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa vipimo, na naomba tusikadirie kwa jicho. Chimba kishimo chenye kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina. Ukisogea karibu zaidi, amonia itaunguza mizizi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, ekari ina mimea kama 21,600, hivyo mfuko mmoja kwa ekari ni gramu 2.3 kwa mmea, au gramu 4.6 kwa kishimo kimoja kati ya mimea miwili. Chukua kifuniko chochote, kijaze mara 20, pima zote pamoja kwenye mizani, gawanya kwa 20, kisha weka alama kwenye kifuniko ya kiasi unachohitaji. Weka, fukia, kanyaga, ndipo uende kishimo kinachofuata. Yule anayeweka shamba zima kwanza ili afukie kesho amefanya kazi mara mbili na kupata hasara ile ile. Kishimo kilichoachwa wazi ni sawa na kumwaga juu.

Kama huna njia ila kumwaga juu, basi iwe ndani ya saa 24 kabla ya mvua au umwagiliaji wa milimita 12 hadi 15. Pima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka. Manyunyu ya milimita mbili ni mabaya kuliko ukavu, kwa kuwa yanaiyeyusha urea bila kuishusha. Ipo pia urea iliyopakwa kizuizi cha ureasi kiitwacho NBPT, kinachoziba kile kitundu. Inakununulia siku kadhaa, basi.

Ukipatia, majani mapya yatakolea kijani baada ya wiki moja hivi.

Na majivu au chokaa msichanganye na urea, wala msinyunyize juu yake ati kuipa nguvu. Vyote viwili huongeza ualkali, na amonia itapaa upesi zaidi.