Folda inakuandikia "Access is denied"? Pitia hatua hizi kabla ya kupiga Windows upya

Kisa cha kawaida ni hiki: laptopu imekufa, lakini diski yake bado ni nzima. Unaichomoa, unaiweka kwenye kasha la USB na kuiunganisha na kompyuta nyingine ya nyumbani. Diski inaonekana, folda ya Users ipo, na ndani yake kuna folda ya Amina. Ukiibofya unajibiwa: "You don't currently have permission to access this folder."

Fundi mwenye haraka hapa hugawa "Full control" kwa "Everyone" kwenye diski nzima, au husema tu "hii ni ya kufomati." Mimi siendi huko. Kama unachotaka ni picha na nyaraka zilizomo, mara nyingi unaweza kuzitoa bila kugusa ruhusa hata moja. Kubadilisha umiliki ni jambo la baadaye, likihitajika.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Majina ya vitufe nimeyaacha yalivyo kwenye skrini.

Kwa nini unakataliwa kwenye diski yako mwenyewe

Diski ya ndani ya Windows kwa kawaida hutumia mfumo wa NTFS, ambao huweka kwenye kila folda mmiliki wake na orodha ya wanaoruhusiwa. Orodha hiyo haitunzi majina. Inatunza namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, inayotengenezwa akaunti inapofunguliwa. Ukifungua akaunti ya Amina kwenye kompyuta mpya, hata ukiweka nenosiri lilelile, inapata namba nyingine. Kwa Windows huyo ni mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni suala la ruhusa

Ikoni ya diski ina kufuli na unaombwa ufunguo wa tarakimu 48? Hiyo ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski nzima kwa usimbaji. Tafuta ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ruhusa hazihusiki bado.

Ni flash au kadi ya kumbukumbu? Nyingi zinatumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina ruhusa za folda. Kama ni kadi ya SD, angalia kitufe kidogo cha ubavuni kinachozuia kuandika.

Unaweza kufungua folda na kuunda faili ndani yake, ila programu moja tu ndiyo inashindwa kuhifadhi? Nenda "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Ransomware protection". Kama "Controlled folder access" imewashwa, iongeze programu hiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Na kama folda inayokukatalia ni "Documents and Settings" kwenye diski C, iache. Hiyo si folda halisi, ni kiungo kilichowekwa kwa ajili ya programu za zamani, na kimefungwa makusudi. Watu wamevuruga Windows nzima wakipambana na kiungo hicho.

Hatua ya 2: Tazama mmiliki

Bofya kulia kwenye folda, chagua "Properties", kichupo cha "Security", kisha "Advanced". Juu kabisa kuna "Owner". Ukiona namba ya S-1-5-21 badala ya jina, basi mmiliki ni akaunti ya Windows ya zamani. Endelea na hatua ya 3. Ukiona "TrustedInstaller", hilo ni faili la Windows yenyewe. Funga dirisha, usibadilishe kitu.

Huku ukiangalia, soma pia safu ya "Type". Mstari wa "Deny" uliowekwa moja kwa moja kwenye folda hushinda "Allow", kwa hiyo unaweza kujiongezea ruhusa mara kumi na ukaendelea kukataliwa.

Vipi kuhusu kitufe cha "Continue" kinachotokea kwenye ule ujumbe? Ukikibofya, akaunti yako inaandikwa kwenye orodha ya folda ile na inabaki humo. Kwa folda moja ndogo si vibaya. Kwa folda yenye maelfu ya picha utakaa ukisubiri, na wakati mwingine kinakwama katikati.

Hatua ya 3: Nakili bila kubadilisha ruhusa

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia kwenye "Command Prompt" na uchague "Run as administrator". Tuseme diski ya zamani ni E na akaunti yako mpya inaitwa Nyumbani:

`robocopy "E:\Users\Amina\Pictures" "C:\Users\Nyumbani\Pictures\Zamani" /E /B /XJ /R:1 /W:1`

Siri iko kwenye /B. Inamwezesha msimamizi kusoma faili kwa njia ileile inayotumiwa na programu za kutunza nakala, ambayo haiulizi orodha ya ruhusa. Faili za asili zinabaki zilivyokuwa, na nakala zinapata ruhusa za folda zilikohamia, yaani za kwako.

/E huchukua folda zote za ndani. /XJ huruka viungo vya aina ya "Documents and Settings". Usiisahau ukinakili folda nzima ya mtumiaji, maana kuna viungo vinavyozunguka na kujirudia bila mwisho. /R:1 na /W:1 ni za kukuokolea usiku: usipoziweka, robocopy ikikwama kwenye faili moja itajaribu tena mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara.

Ikimaliza, angalia safu ya "FAILED" kwenye jedwali la mwisho. Ikiwa ni 0, umemaliza. Chomoa diski, uihifadhi.

Hatua ya 4: Kama lazima uimiliki folda

Hii ni pale diski ya zamani itakapoendelea kutumika. Amri ziandike kwenye dirisha lilelile la msimamizi la hatua ya 3. Taja folda husika tu, kamwe si diski nzima, na usiiguse C:\Windows wala Program Files.

`takeown /F "E:\Users\Amina" /R /D Y`

`icacls "E:\Users\Amina" /grant "Nyumbani:(OI)(CI)F" /T /C`

Amri ya kwanza inakupa umiliki, ya pili ruhusa. Zote mbili zinahitajika: mmiliki asiye na ruhusa bado hafungui faili. Herufi F ni ruhusa kamili. Kwa anayehitaji kusoma tu, weka RX. Andika jina la akaunti kwa mkono badala ya %USERNAME%, kwa sababu ukifungua dirisha kwa nenosiri la msimamizi mwingine, ruhusa itaenda kwake.

Hatua ya 5: Folda zako mwenyewe zilizovurugika

Ukihamisha faili ndani ya diski ileile, ruhusa zake za zamani huwa zinaifuata. Ukiinakili, inachukua za folda mpya. Ndiyo maana utakuta folda moja ambamo baadhi ya picha zinafunguka na nyingine hazifunguki. Zirudishe zote zifuate folda mama:

`icacls "D:\Picha" /reset /T /C`

Ikikataa kwa baadhi ya faili, anza na takeown ya hatua ya 4, halafu rudia.

Zikibaki faili chache zinazokataa kila kitu

Bofya kulia kwenye faili, "Properties", "Advanced". Kama "Encrypt contents to secure data" ina alama ya tiki, faili limefungwa kwa usimbaji, jambo linalopatikana kwenye Windows Pro, hasa laptopu zilizotoka maofisini. Hapa umiliki hausaidii. Kama kompyuta ya zamani inaweza kuwaka hata mara moja, rudisha diski, ingia kwa akaunti ileile na uondoe tiki hiyo. La sivyo unahitaji cheti cha akaunti hiyo, faili lenye mwisho wa .pfx, kama kuna mtu alikihifadhi. Fundi akikuahidi kuyafungua bila cheti, usimpe malipo ya awali.