Jinsi ya Kubuni Vifaa vya Kila Siku Vinavyomsemea Mwenye Haya

Mtu mwenye haya nyingi huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Asipoamkia kwa sauti huambiwa ana maringo, na akikaa pembeni kwenye shughuli watu hudhani amenuna, ilhali mara nyingi anatamani sana kuwa na wenzake, ila anahofia watakavyomtazama. Kifaa kizuri ni kile kitakachotoa ujumbe wake kabla yeye hajalazimika kusema.

Watu wa pwani tunacho kifaa cha namna hiyo tayari, nacho ni kanga. Chini ya mji wake, yaani sehemu ya katikati, juu kidogo ya pindo, huandikwa jina, yaani msemo wa kanga, na mwanamke anayeshindwa kutamka lililo moyoni huweza kujifunga kanga iliyoandikwa «Japo sipati tamaa sikati», akapita zake, na mlengwa akaelewa. Mbunifu aichunguze kwa makini. Mvaaji huchagua ujumbe mwenyewe na kuubadilisha atakapo; na kwa kuwa kanga huvaliwa na wanawake wengi, wenye haya na wasio nazo, haimtengi wala kumtia alama. Kifaa kinachovaliwa na wenye haya peke yao kitawaongezea haya.

Anza kwa kumsikiliza mhusika, tena kwa maandishi, kwa sababu mahojiano ya ana kwa ana ndiyo yanayomfunga ulimi. Mwombe ataje hali moja tu inayomtesa. Tuseme ni mwanafunzi asiyethubutu kunyoosha mkono darasani. Mpe kila mwanafunzi, si yeye tu, vikombe vitatu vya plastiki vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine: cha kijani kikiwa juu, ameelewa; cha njano, anasitasita; chekundu, amekwama na anaomba mwalimu apite mezani kwake. Kwa kuwa wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, bandika pia duara, mraba na pembetatu. Chini ya vikombe weka kitambaa, kwani mlio wa plastiki mezani unatosha kuwageuza wenzake wote wamtazame.

Kwa mikusanyiko ya watu wazima, beji inafaa zaidi. Katika mikutano ya watu wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake), hasa Marekani, hutumika beji za rangi: ya kijani hukaribisha mazungumzo, ya njano huonyesha kwamba mvaaji angependa kuzungumza na anaowafahamu tu, na nyekundu kwamba asisemeshwe kwa wakati huo. Usonji na haya ni vitu viwili tofauti, lakini utaratibu huo unaweza kuazimwa, mradi maana ya rangi ibandikwe mlangoni na kila anayeingia apewe beji zote tatu.

Maneno ndiyo yanayohitaji kazi kubwa kuliko umbo. «Nina haya» humweleza msomaji habari bila kumwonyesha la kufanya, na wengine wataichukua kuwa ruhusa ya kumtania. Andika kinachoombwa: «Nisalimie, nitajibu taratibu», au «Niulize kwa ujumbe wa simu». Herufi zisomeke kutoka hatua mbili, pasiwe na haja ya kumkaribia na kumkodolea macho.

Kabla ya kutengeneza vingi, mwachie mhusika kimoja akitumie mahali alipopazoea. Usimuulize kama amekipenda, maana kwa adabu atakubali. Angalia kama anakigeuza mwenyewe, na waulize walio karibu naye wameelewa nini. Wakikosea, badilisha maandishi kwanza.